Baada ya kupungua kilo 17, nile kiasi gani?

Karatasi niliyopewa ya kupunguza uzito ilikuwa na kila kitu isipokuwa siku ya kumaliza. Iliandikwa kalori 1,400 kwa siku: cha asubuhi, cha mchana, cha usiku. Niliianza Januari 2022 nikiwa na kilo 91, na mwanzoni mwa Novemba mizani ikasoma 74. Nikarudi kwa aliyeniandikia. Akafurahi, akanipa mkono. Nikamuuliza, "Sasa nile nini?" Akasema, "Kula kawaida tu, dada, ila usizidishe."

Hiyo kawaida ndiyo iliyokuwa imenifikisha kilo 91.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa kumi na tisa sasa. Daftari langu la vipimo lina viuno vya wanawake wengi wa mji huu, na wapo ambao kiuno kimoja nimekiandika mara tano au sita, kikishuka na kupanda. Mtu analeta gauni nilipunguze, uso unang'ara, anageukageuka mbele ya kioo. Mwaka haujaisha analirudisha, safari hii anaongea kwa sauti ya chini: "Fundi, ndani kimebaki kitambaa cha kutanulia?" Kwa sababu hiyo huwa sikati akiba ya mshono. Naikunja kwa ndani na kuishikiza kwa uzi. Sikudhani kama ipo siku nitafumua ya kwangu.

Niliifumua Machi 2023. Mizani ilisoma 80.

Kilichoniumiza ni kwamba sikuwa nimekula kitu kipya. Sikuanza soda, sikuanza chipsi. Nilirudi kwenye sahani ileile niliyokula miaka yote: ugali wa muhogo, isombe (yaani kisamvu), samaki aina ya migebuka, maharage, chai ya maziwa asubuhi. Nikajiona mtu asiye na subira. Usiku nililala nikijisemesha maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mteja wangu hata mmoja.

Mwezi uliofuata nilienda kwa mtu mwingine, afisa lishe, dada mtaratibu ambaye hakuanza kwa kunipima wala kunilaumu. Alichukua kalamu akaniambia tupige hesabu pamoja. Kanuni aliyoitumia inaitwa Mifflin-St Jeor, imekuwepo tangu 1990, na naiandika hapa kwa sababu mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuifanya. Kilo zako zidisha kwa 10. Urefu wako kwa sentimita zidisha kwa 6.25, ujumlishe. Umri wako zidisha kwa 5, utoe. Mwanamke atoe tena 161; mwanaume yeye anaongeza 5. Hapo unapata kalori ambazo mwili ungetumia hata ukilala kutwa. Kisha unazidisha kwa shughuli zako: 1.2 kwa anayekaa tu, 1.375 kwa shughuli nyepesi, 1.55 kwa za wastani, 1.725 kwa kazi nzito.

Mimi nina sentimita 160, umri wakati ule 43, na kazi yangu ni ya kukaa lakini natembea, kwa hiyo tulizidisha kwa 1.375. Kwa kilo 91 hesabu ilitoa kama 2,110. Kwa kilo 74 ikatoa kama 1,875. Afisa lishe akapigia mstari namba hizo mbili, akaniambia, "Ile sahani yako ya zamani, dada yangu, ilikuwa ya mwanamke wa kilo 91. Huyo hayupo tena. Ukimpikia, atarudi."

Halafu akaongeza kuwa hata hiyo 1,875 inaweza kuwa kubwa kwangu. Mwili uliopungua hujifunza kubana matumizi zaidi ya vile udogo wake ungetufanya tutarajie. Jambo hili lilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakalitoa mwaka 1995: watu waliopungua asilimia 10 ya uzito wao walikuwa wakitumia nguvu kidogo kuliko hesabu ya mwili wao mpya ilivyosema. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani juu ya watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito kwa kasi. Miaka sita baada ya shindano, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa bado inatumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wale walipungua kwa kujitesa mno, na sidhani kama mimi niko huko. Lakini nilipoambiwa hayo nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana miezi kadhaa.

Na njaa pia. Kila siku saa kumi na moja jioni nilikuwa nashikwa na njaa ya kutetemesha mikono, sindano inanikosa. Nikaona ni tamaa. Kumbe mwaka 2011 watafiti wa Australia walikuwa wamewafuatilia watu 50 waliokula kidogo sana kwa wiki kumi, na mwaka mmoja baadaye vichocheo vya njaa kwenye damu yao vilikuwa bado havijarudi mahali pake. Mwili bado ulikuwa unadai. Kwa hiyo anayemaliza kupungua ana mambo mawili kwa pamoja: anahitaji chakula kidogo kuliko zamani, na anasikia njaa kubwa kuliko zamani. Ningeambiwa hilo siku ile nilipopewa mkono, ningejiandaa.

Nilirudi kwenye 1,400 kuanzia Aprili hadi katikati ya Agosti 2023, nikafika tena 74. Safari hii sikurukia sahani kubwa. Afisa lishe alinielekeza nipande ngazi ya kalori 100 tu, nikae wiki mbili, nijipime, ndipo nipande nyingine. Kalori 100 ni kitu kidogo sana. Ni unga wa ugali usiozidi gramu 30, konzi ndogo. Ni vipande viwili vyembamba vya muhogo wa kuchemsha. Ni chini ya kijiko kimoja cha chakula cha mawese.

Wiki ya kwanza ya kupanda hadi 1,500, mizani iliongezeka gramu 700. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na hofu ikanipanda hadi kooni. Siku hiyo sikunywa hata chai. Nikampigia simu yule dada. Akaniuliza, "Umeongeza kalori ngapi kwa wiki nzima?" Mia moja mara siku saba, mia saba. "Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Sasa mia saba zako zinawezaje kutengeneza gramu mia saba za mafuta?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba wanga tunaokula kuna kiasi mwili unachokiweka akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Mtu aliyejibana miezi, akila ugali zaidi kidogo, akiba ile hujaa tena na maji yake. Chumvi ya dagaa nayo hushika maji. "Usiguse chochote. Nipigie baada ya wiki mbili." Wiki mbili baadaye nilikuwa 74.2.

Nadhani hapo ndipo wengi huvunjika. Wanaona ile kilo ya maji, wanasema mimi sina bahati, basi nile tu.

Nikaenda hivyo: 1,500, 1,600, 1,700. Kwenye 1,800 nilikaa wiki sita. Wastani wa kila wiki ulikuwa ukijisogeza pole pole, 74.3, 74.5, 74.7, kama maji yanayopanda ufukweni bila wimbi. Nikashuka hadi 1,750, ukasimama. Ndiyo namba yangu. Inapungukiwa kama 125 na ile ya kanuni.

Nilipoipata nilirudi nyuma nikapiga hesabu moja kwa ajili ya moyo wangu. Sahani ya kilo 91 ilikuwa na kama 2,110. Toa 1,750, inabaki 360 kwa siku. Zidisha kwa siku 120 za ile miezi minne niliyoharibikiwa: kalori 43,200. Gawa kwa 7,700. Kilo 5.6. Karibu zile sita zote. Nililia, lakini kwa nafuu. Miezi ile yote nilijiita mlafi, na kumbe ilikuwa hesabu ya sahani moja isiyobadilishwa.

Sasa niseme habari ya mawese, maana huku kwetu huwezi kuzungumza kalori bila kuzungumza mawese. Mafuta yoyote, yawe mawese, alizeti au samli, gramu moja ina kalori 9. Wanga na protini kila gramu ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese ni kalori 120 hivi. Mimi sikuwa napima kwa kijiko. Nilikuwa nainamisha chupa juu ya sufuria na kusikiliza. Siku niliyoamua kupima, nilimimina kwanza kwenye kikombe kama ninavyomimina siku zote, nikaangalia: nusu kikombe, kwa isombe ya watu wanne. Zaidi ya kalori 1,000 kwenye sufuria moja, kabla ya ugali, kabla ya samaki.

Na ukigawa kwa wanne hupati jibu la kweli. Mawese hupanda juu. Anayepakuliwa kwanza anapata ule wekundu uliotanda, anayefuata anapata kidogo, wa mwisho anapata majani. Mimi mpishi hupakua changu mwisho, kwa hiyo ungesema nilisalimika. Lakini sufuria yenyewe ilibaki na utando mwekundu pembeni, na mimi nilikuwa nachukua tonge la mwisho la ugali na kuizungusha sufuria yote, taratibu, mpaka inabaki nyeupe. Miaka ishirini nimefanya hivyo, kwa mikono ya mama yangu aliyenifundisha kutokutupa chakula. Tonge lile sikuwahi kulihesabu, hata kwenye ile miezi ya kalori 1,400.

Sasa napika kwa vijiko viwili kwa sufuria ileile, na nakoroga vizuri kabla ya kupakua. Ladha ipo. Watoto hawakulalamika zaidi ya wiki moja.

Siku yangu ya kawaida ni hii. Asubuhi chai ya maziwa yenye kijiko kimoja kidogo cha sukari, na muhogo wa kuchemsha gramu 200: kama 410. Mchana ugali wa unga gramu 120, dagaa wakavu gramu 40, na matembele mengi kwa mafuta yasiyozidi kijiko: kama 700. Alasiri nusu parachichi, ambayo ni kama 160. Nimelisogeza hapo makusudi, kabla ya ile saa kumi na moja, na mikono haitetemeki tena. Usiku maharage yaliyotokana na gramu 60 za maharage makavu na ndizi mbili za kuchemsha: 480 hivi. Unga napima kwenye mizani ndogo ya jikoni kabla ya kusonga, kwa sababu ugali ukishaiva ni maji na unga, na hakuna anayejua ni kiasi gani cha kipi.

Dagaa na maharage siviachi. Protini hushibisha kwa muda mrefu kuliko ugali, na husaidia misuli isiyeyuke. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nilihamia kwenye maharage na mayai, bei ya dagaa ilipokuwa haishikiki, na uzito haukutikisika. Ramadhani ya mwaka huohuo ilinitikisa zaidi. Nilidhani kufunga kutanipunguza. Nikamaliza mwezi nikiwa nimeongezeka kilo moja na nusu, kwa ajili ya futari. Kaimati, viazi, uji wenye sukari, kisha daku. Baada ya Idi nilipunguza ugali kwa wiki tano, ikashuka.

Najipima Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, na naangalia wastani wa wiki nne. Siku moja moja hainipi habari yoyote. Nimejiwekea ukanda: kati ya 73 na 75.5. Nikivuka 76 kwa wiki mbili mfululizo, natoa kalori 150 mpaka nirudi. Nikishuka chini ya 73 naongeza, na hilo nalo limenitokea, nilipougua malaria. Utepe wa kupimia unanisaidia pia, kwa vile uko shingoni mwangu kutwa: kiuno kilikuwa 109, sasa 92.

Pia natembea. Jioni nikifunga kibanda nashuka kutoka Mwanga hadi karibu na stesheni ya reli, kisha napandisha mlima kurudi, karibu saa nzima. Huko Marekani kuna rejista ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 wakadumu mwaka au zaidi, ilianzishwa 1994, na wengi wao hufanya mazoezi ya karibu saa moja kwa siku, zaidi ni kutembea, na hujipima walau mara moja kwa wiki. Niliposoma hayo nilikuwa tayari nashuka stesheni, nikaongeza mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni haina mahali pa kuliweka, nalo ni watu. Huku mtu akipungua huulizwa kama anaumwa, au kama nyumbani kuna amani. Shangazi yangu wa Ujiji alinishika mkono msibani, akaupapasa, akasema mbele ya wote, "Mwanangu, unaficha nini?" Akanijazia sahani kwa mkono wake. Anafanya kwa upendo, na kusukuma sahani ya shangazi ni utovu wa adabu. Nimejifunza kwenda mapema jikoni kusaidia kupakua, nikajipakulia mwenyewe, nikakaa naye karibu na kula taratibu akiniona ninakula. Tangu hapo hajauliza tena. Nilimweleza pia habari ya presha yangu, ambayo ndiyo iliyonipeleka hospitali mwanzo kabisa, na nadhani ningemweleza mapema zaidi.

Mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye kisukari anayetumia dawa asichukue namba yoyote kati ya hizi bila kuongea na mhudumu wake. Na hata mzima asichukue yangu. Mdogo wangu wa kiume ni mvuvi, anavuta nyavu usiku kucha giza likiwa nene na kulala mbalamwezi ikitoka. Ana kilo 68, pungufu ya mimi, na hesabu yake wakati wa kuvua inafika kama 2,700. Tukikaa sinia moja nikila anavyokula yeye, nimekwisha.

Mwaka jana wifi yangu alipungua kutoka kilo 81 hadi 69. Akaja kibandani na gauni mbili za kupunguza, akakaa kwenye benchi, akasema, "Wifi, nipe ile namba yako, nianze nayo kesho." Nikamkatalia. Nikampa daftari jipya, nikamwazima mizani yangu ya jikoni, nikamwambia apande mia moja mia moja na aniletee Ijumaa zake. Wiki ya kwanza alinipigia simu akilia kwa ajili ya gramu 800. Nikamuuliza alichoulizwa mtu fulani mwaka 2023: umeongeza kalori ngapi kwa wiki nzima?

Yeye anauza samaki, anatoka mwalo wa Kibirizi na beseni kichwani, nyumba kwa nyumba. Ilimchukua wiki kumi na moja. Juzi amerudisha mizani, na ndani ya daftari, ukurasa wa mwisho, ameandika 2,000 na kuizungushia duara. Gauni zake bado ninazo kibandani. Ameniomba nisikate akiba ya mshono, na sijaikata.